Mujini Lazima Kubaki Mutu

Alain amerudi. Amekuja na tumbo la mtu mzima, mke mcheshi, na kompyuta nyembamba kama sahani, akanialika kwao Kibenga kula mukeke wa kuchoma. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule wa vita. Tulikula vizuri, sitamsingizia; samaki alikuwa wa asubuhi hiyohiyo, ndizi zimekaangwa zikakaangika, na upepo wa ziwa ulikuwa unatupeperushia vitambaa vya meza. Baada ya kunawa mikono akafungua ile kompyuta, akanionyesha mchezo wetu, uleule, ila sasa umepambwa, miti inatikisika na mito inatiririka. Akasema, "Zaituni, tucheze. Mi na we. Wa tatu tuachie mashine." Alisema huku anatabasamu, nami nikahisi mkono wangu unataka kumrushia glasi. Sikuirusha. Nilidai kichwa kinaniuma, nikaomba nirudishwe nyumbani Buyenzi. Wa tatu wetu alikuwa Fiston, na nafasi ya Fiston haijazwi na mashine. Nimekaa na hasira hiyo siku kadhaa sasa, na kwa kuwa haitaki kuniacha, bora niiandike.

Mwaka ule nilikuwa naendesha chumba kimoja nyuma ya gereji ya mjomba wangu. Mchana kilikuwa sekretaria: watu walikuja kuchapisha barua za kuomba kazi, kutoa fotokopi, kupiga picha za kitambulisho mbele ya shuka jeupe nililolitundika ukutani. Jioni, mafundi wa mjomba wakishaanza kunawa mikono kwa petroli, chumba kiligeuka uwanja wa vita. Kulikuwa na kompyuta moja yenye nguvu, benchi moja, feni iliyokuwa imekwama ikipuliza upande wa mlango tu, na nje jiko la mkaa ambako nilichemsha chai ya tangawizi. Harufu ya wino wa mashine ilichanganyika na ya oili chafu, na mpaka leo nikipita mbele ya gereji natamani mandazi. Wateja wa mchana walinijua kama binti mpole mwenye ushungi safi. Wangeniona jioni wangepeleka karatasi zao kwingine.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa zamu. Kila mtu anaanza na kundi moja la raia wa kujenga mji na askari mmoja mwenye rungu, wamesimama kwenye kipande kidogo cha nchi, na kwingine kote ni giza. Unajenga mji wako mkuu. Halafu unaanza kuumiza kichwa: uwatume raia wengine mapema wakajenge mji wa pili na wa tatu, kabla wenzako hawajakamata mito na vilima, au ukae kwanza utengeneze wapiga mishale na ukuta? Ukipanuka haraka unapata nchi kubwa isiyo na ulinzi. Ukijilinda mno unabaki na kijiji kimoja kizuri, na wenzako wanakuja kukuzika humo. Tulicheza watatu kwenye kompyuta hiyohiyo moja. Mmoja akiwa kwenye zamu yake, wawili waligeuka wakatazama ukuta, wasione anapeleka wapi watu wake. Aliyechungulia alipigwa kofi la kisogo, na lilikuwa kofi la kweli, lakini hakuna aliyenuna kwa sababu ndiyo sheria tuliyojiwekea.

Mimi nilikuwa muuaji. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo walivyoniita, na nilijivunia. Sikuwa na subira ya kuta. Nilijenga miji mitatu kabla wenzangu hawajamaliza wa pili, kila mmoja nikauachia bila mtu, na askari wote nikawapeleka mbele kutafuta jirani wa kumchoma moto. Alain, aliyekuwa anasoma mambo ya biashara, alicheza kama muuza vitenge: alikuletea zawadi, akakusifu, akakuomba njia ya kupita, na siku ukipumzika anakata koo. Fiston alikuwa tofauti na sisi. Alikuwa kijana mwembamba wa Ngagara, anakula polepole, anapepesa macho akifikiri, na alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja hata siku moja: raia hawatembei bila ulinzi, na mji mkuu hauachwi bila askari. "Mujini lazima kubaki mutu," alisema kila tulipomcheka. Jioni moja nilimvamia na jeshi zima, nikiwa nimeshaanza kushangilia, nikamkuta na askari mmoja tu, juu ya kilima, nyuma ya ukuta. Askari huyo mmoja aliwamaliza watu wangu kundi baada ya kundi. Nilitukana matusi ambayo mjomba aliyasikia kutoka chini ya gari. Fiston hakushangilia hata kidogo, alimega andazi lake akatafuna. Leo nikitafuta ni siku gani iliyotuharibu akili, nairudia jioni ile, kwa kuwa tangu hapo hata mimi niliamini kwamba mtu mmoja aliyetulia mahali pake anaweza kuwazuia wote.

Tulisema maneno mabaya sana katika chumba kile. Nimekuchinjia wote, umebaki na mbuzi. Nachoma mji huu halafu naenda kwa mama yake. Ua hao raia, usiwaache wazaane. Tulisema kwa sauti, tukicheka, midomo imejaa mandazi. Siku moja mwanamke mmoja alichelewa kuja kutoa fotokopi, nami nikamwachia mashine afanye mwenyewe upande wa pili wa pazia, maana zamu yangu ilikuwa imefika na nilikuwa nasubiri kuua. Nilipotoka kupokea malipo nikaona alichokuwa anakitolea nakala: picha ya kijana, na tangazo la mazishi. Alikuwa amesikia yote. Alizikunja karatasi zake vizuri, akaniaga kwa heshima kuliko nilivyostahili. Kuanzia siku hiyo tulishusha sauti, na badala ya kuua tukasema kuondoa. Lakini kwa kweli tulikuwa tumechelewa, kwa sababu mji ulikuwa umeshaanza kuuana bila kutuuliza.

Sitaandika nani alikuwa anamuua nani na kwa sababu gani. Wasomaji wa kwetu wanajua, na wa mbali watasoma kwingine. Mimi niliyajua zaidi kwa masikio, kupitia ukuta wa mabati uliotenganisha chumba changu na gereji. Mafundi waliulizana habari za asubuhi huku wanagonga vyuma. Leo wapi? Ngagara. Na kule juu, karibu na Gasenyi, wawili, mikono imefungwa nyuma. Huyo wa mtaroni ametambuliwa? Bado, uso haukubaki. Halafu mmoja anaomba spana, mwingine anampa, na nyundo zinaendelea. Bomu la mkono lilitupwa kwenye baa moja ambako watu walikuwa wanakula mishikaki, na fundi mmoja aliyekuwa jirani alikuja kazini na damu ya watu wengine kwenye viatu. Akaviosha kwa petroli ileile ya kunawia mikono. Ngagara vijana waliziba barabara kwa magogo, mawe na matairi yanayowaka. Wenye bunduki walikuja, wakapiga, wakaondoa magogo, wakachukua watu, wakaondoka. Vijana wakarudisha magogo.

Mtu atauliza, na kweli mke wa Alain aliniuliza mezani, tuliwezaje kuendelea kucheza. Ningekuwa na umri wake ningeuliza vilevile. Tuliendelea kwa sababu kila kitu kingine kilikuwa kimesimama, chuo kimefungwa, wateja wamepotea, na usipocheza unabaki kusikiliza. Kwa kuwa hatukuweza tena kukutana watatu, tulicheza kwa kle, kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta ambacho wengine wanakiita flashi. Mmoja anacheza zamu yake kwake, kwa kompyuta yoyote kuukuu aliyoipata, anahifadhi mchezo kwenye kle, kle inapelekwa kwa mwenzake. Mpelekaji nilikuwa mimi. Sisi wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu, hatukuhesabiwa upande wowote, tukapita mahali ambapo wengine hawakupita. Ushungi wangu ulikuwa ndiyo pasi yangu. Kle niliifunga kwenye ncha ya ushungi huohuo, nikaenda Ngagara na kapu la dagaa kichwani kana kwamba nauza, nikivuka magogo huku vijana wananisalimia, Asalamu alaykum mama Haji, kunitania tu, maana sikuwa mama wa mtu yeyote.

Alain alikosa subira mara moja. Kle ilichelewa, akapanda pikipiki akaja mwenyewe Ngagara kuichukua. Kwenye kizuizi walikuwepo vijana wasiomjua. Walimuuliza anatoka wapi, akasema Kibenga, mtaa wa wenye pesa, na siku ile jibu hilo halikuwapendeza. Walimwangusha. Walimpiga kwa waya wa umeme uliokunjwa, na kwa ubao, na mmoja akawa anamkanyaga taya. Nilikuwa nyumbani kwa Fiston, tulisikia kelele, Fiston akatoka bila viatu. Nilipofika mlangoni nilimwona amelala juu ya Alain, amemfunika mwili mzima, anapigwa yeye mgongoni na anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu wangu. Huyu ni mutu yangu." Wakaacha. Alain alipoteza meno mawili, na shati la Fiston lilibidi kung'olewa mgongoni kwa maji ya uvuguvugu. Mama yake alifanya kazi hiyo ameuma midomo, na alipomaliza akawapakulia wote wawili maharage. Tangu siku ile Alain hakumpinga Fiston tena katika jambo lolote, na hilo lina maana katika haya yanayofuata.

Nyumba yao ilikuwa ndogo, ya zile za zamani zenye milango myembamba, na sebule ilikuwa na kila kitu: friji, kabati la glasi ambazo hazikutumiwa, viti vyenye vitambaa alivyofuma Mama Fiston mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo na alizungumza na kila mtu kama mtoto mdogo mwenye akili. Nyumba hiyo ndiyo kila kitu walichokuwa nacho, wao wawili. Na mtaani kila mtu alishaona nini kinatokea kwa nyumba zinazoachwa. Familia ikikimbia leo, kesho milango haipo, keshokutwa mabati hayapo, na mwezi ujao kuna watu usiowajua wanaanika nguo uani. Kwa hiyo karibu kila familia iliyoondoka iliacha mtu mmoja wa kulinda, na karibu kila familia ilimwacha kijana wa kiume mwenye nguvu. Ilionekana jambo la akili. Hakuna aliyekaa chini akaliuliza vizuri.

Asubuhi moja wana wawili wa jirani walitolewa nje, wakapigwa risasi mbele ya geti lao. Nilifika mchana nikakuta mchanga umemwagwa juu ya damu na nzi wameshaujua. Ndani kwa kina Fiston, Alain alikuwa amekuja kwa gari la baba yake, uso bado umevimba, na tulikaa watatu mezani kupanga jinsi ya kuwatoa Fiston na mama yake wakiwa hai. Hilo ndilo lilikuwa swali, sikuwa na lingine kichwani. Fiston alimwaga maharage mabichi mezani, akaanza kuyasogeza kwa kidole kama tulivyozoea tunapopanga zamu za kwanza za mchezo. Harage moja jekundu mama. Moja jeusi yeye. Glasi iliyopinduliwa nyumba. Alituambia kwamba wenye bunduki wakishakuja hupumzika kidogo kabla ya kurudi, na kwamba muda huo ndio wa kutumia. Mama atoke Ijumaa pamoja nami kwa miguu, kupitia njia yangu ya dagaa. Jumapili Alain alete mlinzi wa kulipwa kutoka Kibenga, mtu asiyejulikana Ngagara na asiye na kisa na mtu. Mlinzi akishaingia ndani, Fiston atoke.

Nilimwambia watoke wote leo, sasa hivi, gari la Alain liko nje. Nilisema nyumba ni matofali. Fiston alipepesa macho, akaniambia mimi siku zote naacha miji yangu wazi na siku zote nalia baadaye. "Mujini lazima kubaki mutu, Zaituni." Nikamtazama Alain anisaidie. Alain alitazama maharage, akasema Fiston anajua kujilinda kuliko mimi. Nilitukana, kwa sauti ya chini kwa kuwa Mama Fiston alikuwa jikoni. Lakini alikuwa amesikia kila kitu. Alikuja akasimama kati ya sebule na jikoni, mwiko mkononi.

"Muache mi nibaki," alisema. "Mi mama muzee, batanifanya nini? Hawa batu banatafuta vijana."

Fiston alicheka, kicheko cha upendo tu. Alilichukua lile harage jekundu, akaliweka kwenye kiganja cha mama yake na kukifunga. "Mama, we raia. Raia anatoka wa kwanza. We hauna hata rungu."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka, Alain akacheka akishika taya lake, hata mama alicheka, akampiga Fiston kichwani kwa ule mwiko na kutuambia tuondoe vita yetu mezani tule. Tulikula ndizi kwa maharage na dagaa wa kwangu. Kilikuwa chakula kizuri, na nashindwa kumsamehe mtu yeyote aliyekuwa mezani pale kwa jinsi kilivyokuwa kizuri.

Ijumaa tukatoka. Mama Fiston alivaa gauni la kanisani na viatu vya kanisani, nikamwambia avivue avae kandambili, akakataa. Alimweleza mwanawe namna ya kupasha maharage na namna ya kuufunga mlango wa friji unaogoma, akambusu kipajini, akaenda bila kugeuka. Tulivuka kizuizi cha kwanza salama. Kwenye cha pili risasi zilianza, sijui kutoka wapi, tukajitupa mtaroni. Tulimkuta mwenzetu humo. Alikuwa amelala kifudifudi, shati limepanda, na mgongo wake ulikuwa umekatwa kwa panga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama Fiston alikuwa amelala uso wake karibu na kisigino cha mtu yule, na akawa anasali rozari kwa sauti ndogo, na mimi upande wangu nasoma Ayatul Kursi, tukichanganyana, mpaka risasi zilipohamia mbali. Aliponyanyuka alivuta shati la maiti likafunika mgongo. Kisha tukaendelea hadi Buyenzi, na shangazi yangu akampokea kwa maji ya kuoga na chai, akampa kitanda chake mwenyewe. Jioni Fiston alipiga simu, akasema mtaa umetulia na maharage yameungua.

Jumamosi wenye bunduki hawakupumzika. Waliingia Ngagara asubuhi kweupe, watu wakiwa wanapiga mswaki. Walipita nyumba kwa nyumba. Haya nayajua kutoka kwa jirani, yule aliyepoteza wanawe wawili, aliyeona kila kitu kupitia ufa wa geti lake kwa kuwa kwake hawakuwa tena na wa kumchukua. Fiston hakukimbia. Alikuwa amesogeza kabati la glasi nyuma ya mlango. Walilisukuma likaanguka na glasi zote, wakamkuta amesimama sebuleni, mikono juu. Walimuuliza yuko na nani, akasema peke yake, analinda nyumba. Walimtoa hadi uani, wakampiga magoti kwa kitako cha bunduki hadi akaanguka, wakampiga risasi mbili akiwa chini. Halafu wakaondoka kwenda nyumba inayofuata. Friji hawakuigusa. Redio hawakuigusa. Hawakuchukua hata kijiko, wala hawakuangalia vyumba viko vingapi. Katika mchezo wetu adui anautaka mji, na askari ni kizuizi tu njiani. Hawa hawakuutaka mji. Walimtaka askari.

Simu ilipokuja, Mama Fiston alikuwa uani kwetu anatwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja na shangazi. Jirani aliongea naye mwenyewe. Sikupata nafasi ya kumtangulizia neno. Alisikiliza, akasema asante, akanirudishia simu. Mchi bado ulikuwa mkononi mwake, akauweka chini taratibu, ukaegemea kinu. Kisha akanijia. Alinipiga kofi la kwanza usoni, halafu la pili, halafu akawa anapiga tu, ngumi na viganja, kichwani, kifuani, ushungi ukatoka, mdomo ukapasuka nikasikia chumvi ya damu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya chaki, na sijawahi kupigwa namna ile. Shangazi alitaka kuingilia, nikamwonyesha kwa mkono aache. Mama hakulia wala hakupiga kelele. Alikuwa anauliza kwa nini, swali moja tu, kwa sauti aliyowaulizia wanafunzi wake, kila kofi na swali lake.

"Juu ya nini mulianza na mi?"

 Nilikuwa na majibu mengi ya kumlaumu Fiston, na ya kumlaumu Alain, lakini swali lile lilikuwa langu. Alipochoka, alikaa kwenye kigoda akavaa viatu vyake vya kanisani. Shangazi akamuuliza anakwenda wapi, akasema anakwenda kwake. Nilimfuata nyuma, damu ikinikaukia kidevuni. Kwenye kizuizi vijana walikataa kumpitisha, mmoja analia, akimwambia Mama usiende kuona. Akawataja kwa majina, mmoja mmoja, aliwafundisha wote kusoma, nao wakavuta gogo pembeni. Fiston alikuwa amefunikwa kitambaa cha kiti. Mama alikaa naye mpaka gari lilipokuja kumchukua, kisha akaomba ndoo na brashi, akasugua uani mwenyewe, akafagia glasi zilizovunjika, akanifukuza kila nilipojaribu kushika kitu. Kle ilikuwa humo ndani mahali fulani. Sikuitafuta.

Alain alipiga simu Jumapili kuniambia mlinzi amepatikana, wako njiani. Nilimwambia arudi. Wiki chache baadaye alivuka mpaka, na sikumsikia tena hadi mukeke wa juzi. Simchukii. Nilipokuwa naanza kuandika nilifikiri namchukia, sasa naona ni uchovu tu wa kuwa peke yangu na jambo hili miaka yote.

Mama Fiston alibaki katika nyumba ile peke yake mwaka mzima wa vita na miaka mingine baada yake, na hakuna aliyeng'oa bati lake hata moja. Mimi nilimpelekea chakula. Hakunikaribisha kwa muda mrefu, ila hakunifukuza. Mchana mmoja nilikuwa nimekaa mkabala naye, yeye kwenye kiti chake na sahani ya dagaa mapajani, mlango ukasukumwa. Waliingia wanaume watatu wenye bunduki.  Mama hakusimama.

"Amahoro, Mama," alisalimia wa mbele, akimtakia amani.

"Amahoro."

"Kuna vijana hapa?"

"Apana. Iko mi, na huyu mugeni."

Wawili walichungulia vyumbani, wakarudi. Yule wa tatu, kijana kuliko wenzake, jasho linamtiririka, aliomba maji ya kunywa kama si usumbufu. Mama aliweka sahani chini, akaenda jikoni kwa hatua zake za kawaida, akaleta kikombe kimejaa. Kijana alikipokea kwa mikono miwili, akanywa yote, akakirudisha kwa mikono miwili na kushukuru. Kisha walitoka, na wa mwisho akavuta mlango polepole usibamize.

Mama alibaki amesimama na kikombe. Alinitazama, na ndiyo mara ya kwanza kunitazama tangu siku ile ya kinu.

"Umeona? Bamenifanya nini?" aliniuliza.

Nikamwambia nimeona.